Goti Langu na Dawa ya Mwanga

Jumatatu, 2 Juni

Mwezi wa nane tangu nitoke Makueni. Leo tena nimeosha vizimba vya panya hapa maabara, Kisii mjini. Chumba giza, balbu nyekundu tu. Goti linauma tangu nianguke na gunia la majani ya chai kule mashambani Gesima. Panya wanachomwa sindano ili mguu uvimbe, kisha wanapewa dawa ya maumivu. Daktari Kemunto, mtafiti wetu, anasema dawa hiyo hulala gizani. Akimulika mguu kwa taa ya buluu, inaamka pale pale na maumivu yanakatika, ila panya halewi. Taa ikizimwa, yanarudi. Ndivyo anavyojua maumivu hupita wapi. Nawachukia hao panya. Wao wana daktari.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwomba Kemunto tone moja la dawa, kwa ajili ya goti. Akacheka. "Mutua, kwani wewe ni panya? Hii haijajaribiwa kwa mtu." Akarudi kwa simu yake. Goti hata hakuliangalia.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Wenzangu wote ni Waadventista, wako kanisani. Mimi Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi zote naachiwa maabara peke yangu. Nimetoa chupa kwenye friji, nikajipaka goti, nikakaa nyuma ya stoo na mguu juani. Kama ni mwanga inataka, huo hapo. Nikangoja. Hakuna kitu. Mzee Ombati, bawabu, akarudi na Biblia kwapani.

"Mkamba! Unaanika goti kama nafaka ya wimbi?"

Akacheka hadi akashika ukuta. Halafu akaiona chupa. Mvua ya saa nane ikatufukuza wote wawili.

Jumatatu, 9 Juni

Ombati amenichongea. Kemunto amenifokea mbele ya watu. Dawa haipiti ngozini, ni sindano tu. Chupa nzima imeharibiwa na jua, ni ya kutupa, na panya wamevimba miguu bure. "Si ungesema goti linakuuma hivyo!" Nilisema. Nimemjibu kwa sauti kubwa kuliko yake. Amenifuta kazi. Sijutii. Namchukia yeye, na Ombati pia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeosha vizimba mara ya mwisho. Panya mmoja alikuwa ameinua mguu, hataki kukanyaga. Nikamwongezea maranda ya kulalia. Kemunto akasimama mlangoni, akauliza ni goti lipi. La kushoto. Akainama, akalibonyeza, akasema lipigwe picha ya eksirei. Nikabeba ndoo yangu. Ijumaa naondoka. Jumamosi nitakuwa nyumbani, nikichechemea.