Neno la Mlangoni

Mama yangu wa Wamaza,

Kamusi yetu ya Kibangubangu imebakiza neno moja. Nimelikwepa wiki ya tatu sasa, na leo nimeona heri nikuandikie wewe, ingawa tulikuzika mwaka jana.

Unakumbuka ulivyofika kwangu Kasongo kwa pikipiki, ukashuka ukisugua magoti na kuilaani njia? Ulikaa miezi miwili. Ukitwanga sombe, majani ya muhogo, ulinipa maneno, nami nikayaingiza kwenye kompyuta. Siku hizo niliandika XML, lugha ya alama za kompyuta, kwa mkono: alama ya kufungua neno, maana yake ndani, kisha alama ya kufunga. Nikisahau kufunga moja tu, faili nzima haisomeki. Ulinisikia nikilalamika, ukacheka: "Sisi wanamuke tunajua hiyo. Kila chungu iko na mufuniko yake."

Sasa natumia maktaba ya programu, msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Naiagiza itengeneze neno, iweke maana ndani, nayo hufunga yenyewe. Ungeisifu kama mkwe asiyengoja kuambiwa. Ila niliipa sharti isipokee neno lisilo na maana, na sharti hilo limenigeukia.

Neno lenyewe ni lile ulilokuwa ukiniitia mlangoni tangu utoto wangu, jioni, nikiwa bado mtoni. Nililiandika harakaharaka, nikijua maana nitakuuliza kesho. Mama akiwa hai, kesho huwa nyingi. Nimemuuliza shangazi, nimewauliza wazee wa kwenu Wamaza. Wengine wanacheka, wengine wanasema ulilitunga mwenyewe. Nilikasirika, kisha nikalia mbele ya kompyuta, mtu mzima mimi.

Halafu nikakumbuka ulivyonigombeza siku niliyotaka maana za mkato. Uliweka mchi chini kabisa. "Neno haina maana kama haujasema nani anaambia nani."

Basi leo nimeandika: *Mama anamwambia mtoto wake aliyechelewa, chakula kikiwa tayari.* Programu imepokea, imefunga faili. Nimekukumbuka sana, Mama, kuliko siku ya mazishi.

Sombe ilikuwa imeiva. Mjukuu wako alikuwa nje akicheza, hajui lolote la kamusi. Nikasimama mlangoni, nikaliita neno lako kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Akaja mbio.

Lala salama, Mama. Chungu nimekifunika.

Binti yako, yule wa kuchelewa