Kikao cha Mzigo Kichwani

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila tuna vikao.

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimekaa barazani hapa Morogoro mjini, na milima yetu imejifunika ukungu kama mtu asiyetaka kuulizwa jambo. Nami nina jambo la kuuliza. Kesho ni siku ya kikao cha kazini, na nataka kumwambia bosi wangu mbele ya watu kwamba vikao vyake havitusaidii kitu. Nafsi moja inaniambia sema. Nyingine inanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu, na kalamu ya kuusaini iko mfukoni mwake.

Unakumbuka ulivyofurahi nilipopata kazi hii? Kampuni inanunua mboga kutoka kwetu Mgeta, na mimi ndiye mpokeaji. Mboga ambayo sijaikagua haivuki geti. Ulipita kwa jirani mmoja mmoja ukiwatangazia kwamba sasa wana mtu wao mjini. Nilikuwa naona haya, lakini moyoni nilijisikia mkubwa.

Basi huyo mtu wao, Mama, kila Jumatatu asubuhi yuko kikaoni. Tunaanza kwa sala ya Kikristo, kisha dua ya Kiislamu, na hapo sina ugomvi na mtu. Halafu tunajitambulisha. Tunafahamiana hadi majina ya watoto, lakini tunasimama mmoja mmoja kutaja jina na idara, na kila mmoja anapigiwa makofi kana kwamba amerudi kutoka Ulaya. Kisha unasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, ambao kwa sehemu kubwa unaeleza jinsi tulivyosoma muhtasari wa kikao kilichotangulia. Yanafuata yatokanayo, chai, mjadala wa kwa nini chai imechelewa, na mwisho mengineyo. Hayo mengineyo, Mama, hayana mwisho. Mhasibu wetu amejifunza kulala macho wazi, na ndiye anayesifiwa kwa usikivu.

Jumatatu iliyopita ajenda kuu ilikuwa kuchelewa kwa upokeaji wa mboga getini. Tuliijadili kwa kina. Wakati huo mboga zilikuwa getini, zimechelewa kupokelewa, kwa sababu mpokeaji alikuwa ndani akijadili.

Nilipotoka jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mama mdogo Agnesi alikuwa amekalia jiwe kando ya tenga lake la saladi, kaja na lori tangu alfajiri. Majani yalikuwa yamelala kama nguo zilizofuliwa. Mimi, mtu wao mjini, nikamwambia samahani, imenyauka, siwezi kuipokea. Hakunigombeza. Aliinama akalifunika tenga lake kwa kanga, akasema, "Ilikuwa mbichi wakati mnasali."

Tangu siku ile chakula hakipiti vizuri.

Ndipo nikakukumbuka wewe na kikundi chako cha kina mama mkishusha mboga kwenye ile njia yetu ya mteremko, kuelekea lori linakosubiri. Pale katikati, kwenye mwamba bapa, ndipo mlipokuwa mkijadili mambo yenu, na wewe mwenyekiti hukuruhusu mtu atue. Nilikuwa nyuma yako na kifurushi changu cha karoti, nawe ukisema bila kugeuza shingo, "Mwenye neno aseme, mzigo ukiwa kichwani." Na sheria ya kufungia ilikuwa moja tu: mguu wa mtu ukianza kutetemeka, kikao kimekwisha.

Unamkumbuka jirani yetu yule msemaji? Siku moja alikuwa na malalamiko kuhusu dereva wa lori, na kichwani, juu ya ngata yake ya kanga iliyosokotwa, kulikuwa na tenga zima la kabichi. Akaanza, ndugu zangu wapendwa, awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii. Nafasi hakuichukua, kwa sababu shingo ilikuwa imeanza kuzama mabegani. Akavuta pumzi akasema, "Dereva mlevi, tumbadilishe." Mkaitikia, mkaendelea kushuka. Sijaona tena kikao kizuri kama kile, na nimekaa vingi.

Sasa ugumu wangu ni kwamba bosi si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshasema zamani. Siku ya kukuzika alikuja mwenyewe hadi Mgeta. Gari lilishindwa kupanda, akamalizia kwa miguu na viatu vyake vya ofisini, akianguka na kuinuka, hata akatukuta njiani tumeshalinyanyua jeneza kuelekea makaburini. Akaomba neno moja la rambirambi. Watu wakasimama kwa heshima, na wewe uko mabegani mwao, kwenye mteremko, mvua inanyesha. Akafungua koo. Akaanza kutambua uwepo wa padri, mwenyekiti wa kijiji, wazee wa ukoo. Alipofika kwa wageni waalikwa, Mjomba, aliyekuwa ameshika mbele, akasema kwa upole, "Mzee, mzigo uko begani."

Bosi akaiacha orodha yake. Kisha akasema, "Alimlea binti yake vizuri. Poleni." Akasogea pembeni, akavua kofia.

Nililia kwa maneno yale kuliko kwa mahubiri yote. Na nilitaka kucheka pia, kwa sababu hata siku yako ya mwisho, ukiwa umelala, ulikuwa unaendesha kikao kwa sheria zako.

Wenzangu kazini wananiambia funika kombe mwanaharamu apite. Mhasibu, kwa muda mfupi aliokuwa macho, alinionya nisitukane wakunga na uzazi ungalipo. Najua wewe ungewajibu kwamba mficha uchi hazai. Lakini wewe hukuwahi kuwa na mkataba, Mama. Naogopa, na sioni aibu kukuambia. Acha nilale.

Jumatatu, jioni.

Mama, naendelea nilipoishia.

Asubuhi niliichukua ngata yako kutoka sandukuni nikaitia kwenye mkoba. Nilipofika, Mama mdogo Agnesi alikuwa ameshakaa juu ya jiwe lake. Nikamwamkia, nikamwomba anitwishe tenga lake. Aliniuliza kama nimechanganyikiwa, lakini alinitwisha. Saladi ni nyepesi kwa jicho tu. Ikilowa umande inakumbusha dhambi zako zote.

Niliingia ukumbini wakiwa kwenye kujitambulisha. Waligeuka wote. Mhasibu aliamka kabisa, kwa mara ya kwanza nadhani. Bosi aliniuliza kwa utaratibu kama nitatua mzigo nikae. Hotuba niliyoiandaa, yenye heshima na mifano, ilikuwa ndefu, na shingo ilikuwa inauma. Nikasema, "Bosi, mzigo uko kichwani. Tunajadili mboga huku zinakufa getini."

Bosi alivua miwani akaifuta, akanitazama mimi, akalitazama tenga, na nikaona kabisa kwamba yuko kule kwenye mteremko, kwenye mvua, na viatu vyake. Mguu wangu ukaanza kutetemeka. Akauona.

"Kikao kimefungwa," akasema. "Twendeni getini."

Tukapokea mboga zote zikiwa bado mbichi, na bosi mwenyewe akasaidia kubeba, kisha akaomba asionyeshwe tena tenga wiki nzima. Mama mdogo alikuwa akipiga vigelegele, nikamwomba apunguze sauti, nina mkataba. Kuhusu huo mkataba bado sijaambiwa lolote. Usiku wa leo nitalala hivyohivyo, lakini chakula kimepita.

Ila usidhani watu hubadilika kwa siku moja. Mchana bosi aliniita, akanishukuru, akaniambia ameguswa sana. Kwa hiyo ameunda kamati ya kupitia upya suala la vikao. Itakaa Alhamisi, na mimi ndiye mwenyekiti.

Nimeshawaambia wajumbe kila mmoja aje na tenga lake.

Lala salama, Mama. Uliniachia ngata, na kichwa cha kuivaa ninacho.

Ni mimi,
Binti yako uliyemlea vizuri