Mbuzi wa Kielelezo

Mpanda, Jumanne, Agosti 1996

Hakimu alipomaliza kusoma hukumu, nilijifanya natazama kwato za mbuzi. Kesi ya wizi imekwisha, kwa hiyo mbuzi niliyemlisha nyuma ya mahakama tangu masika amerudi kwa mwenyewe, Mama Kashindye wa Magamba. Mimi karani mzima, nimlilie mbuzi?

Shida ni kwamba amezaa akiwa kielelezo chetu cha ushahidi. Mama Kashindye akanisukumia mtoto wa mbuzi. "Huyu baki naye, mwanangu. Wewe ndiye uliyekesha na mama yake."

Hakimu akakohoa. Mtumishi wa mahakama hapokei kitu kwa mwenye kesi, najua. Lakini iliniuma. Nikamrudishia kwa mikono miwili.

Mama hakukasirika. Alimuuliza hakimu, "Na karani wako akija kwangu kuwasalimia mbuzi tu, nayo ni rushwa?"

Hakimu akacheka. Mimi nikamfungua mama mbuzi kamba.

Nimefika nyumbani Nsemulwa na kamba tupu mkononi. Mume wangu ameuliza ya nini, nikasema sijui.

Jumapili, baada ya kanisa, nitakwenda Magamba. Chumvi nimeshaifunga kwenye karatasi. Yule mkubwa amezoea kuilamba kiganjani mwangu, na nyumbani kwao hawajui.