Nilimwambia Mke Wangu Amepona kwa Sababu Sukari Iko Chini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana maji yamenifika shingoni na aliyeyafungulia ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa makochi, mke wangu ni msusi, na tunaishi na mama yangu mzazi. Mama ana kisukari na mimi pia ninacho, kwa hiyo kwetu kila asubuhi, hata salamu bado, tunatoboana vidole, mashine ikisoma chini tunapongezana, ikisoma juu mama ananinusa mdomo kama nimekula keki. Sasa mke wangu akaanza kuumwa tumbo, maumivu yanapenya hadi mgongoni, akapigwa picha wakaona kifuko cha maji kwenye kongosho, daktari akasema kwa picha peke yake hawezi kujua ni kifuko cha aina gani, basi wakamlaza usingizi, wakampitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni, wakayavuta yale maji kwa sindano wakayapeleka maabara. Tukakaa roho juu. Mke wangu akaacha kusuka, akawa anakaa tu kwenye kiti cha wateja anajitazama kiooni. Simu yake ilikuwa mbovu, namba aliyoiacha hospitali ni yangu, nesi akapiga nikiwa nimebana misumari mdomoni nagongelea sofa, akasema majibu yametoka, sukari ya yale maji iko chini sana, mgonjwa aje aonane na daktari, na mimi, mshauri, baada ya "sukari iko chini" sikusikia tena kitu, nilitema misumari nikakimbia hadi saluni, nikapiga kelele mbele ya wateja, "Mama watoto, umepona!" Alinirukia shingoni akalia, akampigia dada yake kwa simu yangu, na tangu siku ile anasuka huku anaimba.

Wiki iliyopita nesi kapiga tena. "Mbona mgonjwa haji?" Nikamuuliza aje kufanya nini na sukari yake iko safi. Akasema, "Baba, ile si sukari ya damu. Kwenye kifuko, ikishuka hivyo, inaonyesha ni ile aina inayotengeneza ute, na hiyo inaweza kugeuka kansa." Nikamjibu mke wangu amesafiri. Hajasafiri, yuko mtaa wa pili anasuka. Nimemweleza mama, anasema, "Mwache mwenzio apumue, mwanangu. Hofu nayo inaua." Nampenda mke wangu na nauogopa uso wake nitakapomwambia. Nifanyeje?

Fundi Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nilikuwa nakuonea huruma mpaka nilipofika hapo mkeo "aliposafiri".

Kwa nyumba inayoamka na mashine ya sukari, kosa lako la kwanza naweza kulielewa. Ila kiherehere cha kukimbia na nusu ya sentensi ya nesi ni chako mwenyewe, usimsingizie kisukari. Na habari ya mwili wa mtu haitangazwi saluni, hata ikiwa njema.

Sasa nisikilize hadi mwisho, usitoke mbio. Maji ya vifuko vingi visivyo na ute huwa na sukari inayokaribia ile ya damu. Kwenye kifuko cha ute, sukari hushuka. Ndiyo sababu wanaipima. Lakini "inaweza kugeuka" si "imegeuka", kwa hiyo usiende kumzika mtu aliye hai. Daktari hatumii kipimo kimoja. Anatazama pia ukubwa wa kifuko, seli zilizopatikana na vipimo vingine vya maji yale yale. Wako wanaofuatiliwa kwa picha miaka na miaka, na wako wanaotolewa kifuko mapema, kabla kansa haijaanza. Mkeo yuko kundi gani? Mimi sijui, wewe hujui, na mama hajui. Anayeweza kujua ni daktari, na nesi wake umemdanganya.

Mama mheshimu, mbebee maji, mpeleke kliniki. Kwa hili usimfuate. Hofu anayoisema humsumbua mgonjwa anayejua, lakini huyo hutibiwa. Mkeo hajui, na kifuko hakisubiri amalize kuimba.

Leo funga karakana. Mpigie nesi kwanza, mwambie ulidanganya, omba nafasi ya karibuni kabisa. Kisha nenda saluni, ngoja mteja wa mwisho aondoke, kaa. Mwambie, "Mke wangu, nilielewa vibaya. Daktari anataka kukuona, na miadi ni siku fulani." Usiongeze matumaini, usiongeze kilio. Mpe namba ya nesi aongee naye mwenyewe. Akitaka uende naye, nenda; ndani kwa daktari mwache aulize yeye: ni aina gani, hatari yake ni kiasi gani, kitolewe au kifuatiliwe.

Atakasirika, na ni haki yake. Halafu atakuuliza umejua tangu lini. Usipunguze hata siku moja.