Bidon Iliyolala Upande

Mama yangu mpenzi,

Leo nimeteremka mjini Baraka, kando ya ziwa, na ile bidon yako ya mawese, lile dumu la plastiki. Niliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa chambre-air, ule wa ndani ya gurudumu, kama ulivyokuwa ukifanya, na njia nzima kutoka Fizi ilikuwa ikinigonga mgongoni. Ungesema ni wewe umekaa nyuma yangu, unaniamsha nisisinzie.

Unakumbuka siku ilipoinama? Mafuta yalikuwa yametoka motoni sasa hivi, motari wa kukupeleka sokoni na pikipiki yake anapiga honi barabarani, nawe ukayamimina hivyo hivyo. Nilikuomba uyaache yapoe kwanza.

"Soko haingoje muntu," ukasema.

Bidon ikalegea taratibu, ikalalia ubavu kama mtu aliyeshiba. Tuliisukuma, wewe huku mimi kule, tukingoja irudi kama mpira unavyorudi. Haikurudi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Acha ilale. Hata mi nikizeeka nitainama."

Siku hizi nafundisha jambo lile lile darasani. Nawaambia wanafunzi kwamba plastiki ni polima, minyororo mirefu mno ya molekuli, imesokotana kama nywele za mtoto asiyetaka kuchanwa. Mnyororo na mwenzake huvutana kwa nguvu ndogo, ambayo peke yake si kitu. Lakini kwa urefu ule inagusana mahali pengi, na haba na haba hujaza kibaba. Ikipata moto inatikisika, inateleza, plastiki inakuwa si maji si jiwe. Ikipoa inashikana tena pale pale ilipofikia. Ule mpira wa chambre-air ni mwingine: minyororo yake imefungwa pamoja kwa mafundo, ndiyo maana ukiuvuta na kuuachia unarudi kwao. Wanafunzi wanaandika. Mimi nakuona wewe, umekaa chini unacheka.

Tangu ututoke, bidon imekaa chini ya kitanda changu. Sikuiosha. Mafuta na plastiki ile wana undugu, kwa hiyo mafuta yalipenya polepole katikati ya minyororo, yakafanya makao humo. Nikifungua kifuniko unatoka wewe: moshi, mawese, kitenge chako cha kazi. Sina kitu kingine chenye harufu yako, mama.

Halafu juzi nikaona ufa karibu na mkono wake. Mafundi wa kando ya ziwa huziba nyufa kwa kisu cha moto, na najua vizuri kwamba moto huyafukuza mafuta yaliyojificha. Nikiiacha, ufa utaendelea mpaka ipasuke. Nililia kwa ajili ya bidon, mimi mtu mzima.

Ni wewe uliyeniondoa nyumbani leo kwenda kwa fundi. Hukupenda kitu kinachokaa bure. "Bidon ya kuangalia tu ni ya kazi gani?" Nilikusikia kabisa, kama uko jikoni.

Fundi alichagua kiraka kutoka kwenye bidon nyingine kuukuu, maana kipande cha beseni, plastiki ya aina nyingine, hukataa kushikana nayo. Aliigeuza bidon yako huku na huku, akaihurumia.

"Mwalimu, niipashe moto yote, niinyooshe?"

"Hapana. Acha ilale."

Kisu kilipogusa plastiki, ulitoka, mama. Ulitoka wote kwa mara moja, ukajaa pale kati ya mitumbwi, nami nikavuta pumzi na kuishikilia kadiri nilivyoweza. Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la samaki akasimama.

"Ni nani iko anapika mawese hapa?"

"Ni mama yangu," nikamjibu.

Akatazama huku na huku akikutafuta, kisha akaenda zake.

Sasa niko nyumbani Fizi. Nimeifungua bidon, inanuka moshi wa plastiki tu. Kesho nitachemsha mawese yangu mwenyewe na kuijaza, yaanze nayo kupenya. Nitayaacha yapoe kwanza, usinikasirikie.

Pumzika, mama. Soko litangoja.

Kifungua mimba wako