Panya Asiye na Waya

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe na ihifadhiwe kwa vizazi vijavyo: leo, baada ya chai, meza ya kupigia pasi imehamishwa kutoka ukutani hadi dirishani, na kuanzia sasa itaitwa Makao Makuu. Pasi yenyewe iko uhamishoni, chini ya kitanda.

Duka liko hewani. Sina bidhaa hata moja — na ndiyo raha yake! Msambazaji yuko nchi ya mbali, ana ghala na katalogi. Nachukua picha kwenye katalogi yake, naziweka dukani kwangu mtandaoni, najiongezea changu kidogo. Mteja akinunua, msambazaji anamtumia mzigo. Mimi namtumia shukrani.

Wifi kachungulia mlangoni, kauliza duka liko wapi. Nikamwonyesha kompyuta. Akasema angalau wezi watakosa pa kuvunja.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka kaniita sebuleni. Sauti ya kikao. Kwa kifupi: nisipouza hata kitu kimoja kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, Jumatatu yake nirudi kaunta, dukani kwake, kuuza misumari.

Nilishakaa pale. Huyu anataka misumari, yule anataka kujua kwa nini misumari imepanda bei, na Kaka yuko nyuma yangu anahesabu nimekwenda msalani mara ngapi. Sirudi!

Nikamuuliza: na nikiuza?

Akacheka. Ukiuza, dada yangu, sikugusi tena.

Wifi alikuwepo. Shahidi!

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Katalogi ni ya Kiingereza, nami niliiachia mashine itafsiri yote kwa mkupuo. Kile kipanya cha kompyuta sasa kinasomeka hivi: "Panya asiye na waya. Mweusi, mtulivu, anakaa vizuri mkononi. Anakula betri moja tu."

Mtu kapiga picha, imezunguka mpaka kwenye kundi la familia. Shangazi kauliza kama amechanjwa. Wifi sasa ananiita Mama Panya, tena mbele ya wageni.

Kaka kanipigia. Futa haraka, unatuaibisha!

Sifuti. Juzi dukani kwangu waliingia watu watatu, na mmoja wao ni mimi. Leo wanapishana mlangoni. Badala ya kufuta nimeongeza, kwa mkono wangu mwenyewe: "Hatafuni nguo."

Jumatano, 12 Machi

Wanaingia, wanacheka, wanatoka. Mmoja kauliza kama yupo wa kike. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba msambazaji hajawatenganisha. Hakununua.

Jioni Wifi kaleta aproni ya bluu ya duka la Kaka. Imefuliwa, imenyooshwa — kwa pasi yangu! Kaitundika kwenye kitasa cha mlango wangu. Tabasamu lile, lo.

Nimeifanya pazia la Makao Makuu. Inakinga jua vizuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

NIMEUZA!

Saa nane mchana, kompyuta ikalia kama kengele ya baiskeli. Panya mmoja, keshalipiwa! Nikatoka mbio mpaka jikoni. Wifi, aproni yenu iko dirishani, njoo uichukue! Mwiko ukamponyoka. Akasema hongera, kama mtu anayemezeshwa dawa. Nikamwambia aiseme tena, sikusikia vizuri. Akaisema tena!

Kaka hajarudi kutoka kazini. Nitamsubiri pale pale sebuleni, kwenye kiti chake, nimekunja nne. Alisema mwenyewe: kitu kimoja. Asije akanigeuzia kibao.

Kwanza niitume oda kwa msambazaji. Lazima nimjazie anwani ya mteja — kwa furaha sikuwa hata nimeisoma.

Ni duka la misumari.

Chini yake, kwenye nafasi ya maelezo, mteja kaandika: "Aletwe kaunta. Karani mpya anaanza Jumatatu."