Swali la Lango la Katoro

Katoro, upande wa sokoni
Jumatano, mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Anayekusalimu ni mwanao wa kwanza, Limi ng'wana Ngusa, na Ngusa ng'wana Mwigulu, na Mwigulu ng'wana Nkwabi. Najua umeshacheka, unajiuliza tangu lini mtoto akamtajia mama yake ukoo wa mumewe kwenye barua. Nimeanza na majina hayo kwa makusudi na sababu yake utaiona huko chini. Mgongo unaendeleaje? Na Nelly wangu je, bado anagoma kula mlenda? Mwambie mama yake anamsalimu sana, na kwamba akikusumbua kwenye chakula nitasikia tu, hata huku niliko.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Marwa. Tangu simu zilipokufa, posta yetu ni yeye na bodaboda yake. Anasafiri jua likiwa kali tu, habebi abiria hata umlilie, anabeba barua na chumvi. Kila akifika langoni hapa anataja babu zake wote wa Tarime kwa sauti kubwa mpaka tunamwomba apunguze kidogo, maana wengine tuna ukoo mfupi na tunaona aibu. Ni mtu wa maneno mengi lakini ni mwaminifu, mama. Akifika kwako mpe maji na usimcheleweshe.

Umeandika kwamba huko Runzewe Giza mnalisikia kwa habari tu, na kwamba kila anayepita anasimulia lake, hujui ushike lipi. Umeandika pia kwamba mlango wa nyumba huufungi kwa komeo siku hizi, kwa sababu mdogo wangu Edson akifika amechoka usije ukachelewa kumsikia. Hayo maneno nimeyasoma nikaikunja barua, nikaifungua, nikayasoma tena. Nimekaa chini kukuandikia kwa ajili ya huo mlango.

Giza si usiku, mama. Usiku tumezaliwa nao na hatuna ugomvi nao. Giza linakuja hata saa sita ya mchana, linatambaa chini kwa chini kama moshi wa majani mabichi, na likipita kwenye moto, moto unazima huku kuni zikiwa kavu. Lilitoka kwenye duara moja la zamani, shimo la dhahabu kule Mwakitolyo, ambalo vijana walilichimba kupita pale walipoishia wenzao. Mengine ni maneno ya watu na mimi siyajui. Ninachokijua ni kwamba mahindi ya huku yanatoa majani mazuri na magunzi matupu, na ng'ombe ukiwapeleka malishoni wanasimama wamegeukia nyumbani.

Katoro uliyoijua wewe, ulipokuja kununua vitenge ukalalamika kwamba muziki wa maduka umekupasua kichwa, haipo tena. Muziki hakuna. Waliokuwa wakipima dhahabu kwa mizani midogo wanapima unga. Tumezungushia soko uzio wa mabati na magogo ya matimba, yale ya kuzuia maduara yasititie, na lango tumelifunga kwa vyuma vya karasha ambazo hazina tena mawe ya kusaga. Ukiingia hapa unapewa kazi, na kazi hiyo ndiyo wewe. Kuna walinzi wa moto, kuna wasikilizaji wanaolala sikio chini, kuna wapishi, na kuna wauliza. Anayegawa kazi ni Asteria, yule mama aliyekuwa akikusanya ushuru sokoni, aliyewahi kukufukuza na kikapu chako cha mayai. Bado anatembea vilevile, kana kwamba kila mtu anamkwepa. Tunamwogopa na tunampenda. Mimi alinipa kazi ya kuuliza.

Sasa nieleze kazi hiyo, maana ndiyo habari yenyewe. Giza haliui. Linamchukua mtu, halafu baada ya muda linamrudisha, na anarudi na sura yake, nguo zake, sauti yake, mpaka kikohozi chake. Kinachokosekana ni watu wake. Anasahau ukoo, kuanzia walio mbali. Anatoka wa tatu, baba wa babu, anatoka babu, mwisho anatoka baba. Akishatoka baba, ndani ya mtu hakuna mwenyeji tena na Giza linakaa humo kama nyumbani kwake. Hawa tunawaita waliorudi. Wote wana tabia moja, wanaelekea kwao, kwenye nyumba walikozaliwa, na wakifunguliwa Giza linaingia nao.

Kwa hiyo langoni tunauliza lile swali la wazee, lililokuwa likituchosha utotoni kila tukikutana na mzee njiani. Ng'wana nani? Mtoto wa nani wewe? Tuliona ni ushamba, kumbe ndilo limebaki kutulinda. Anayejibu anaingia. Wageni nao wanajibu kwa namna zao. Mwanaima, rafiki yangu wa Tanga aliyekuletea ile kanga ya zambarau, alikuwa akijibu binti Athumani huku ameinua kidevu utadhani Athumani ni mkuu wa mkoa. Anayeshindwa haingii, awe nani. Wengine walikuja na majina wameyaandika kiganjani, Asteria akaanza kuwaambia watu wainue mikono kwanza.

Kuna kijiji kimoja njia ya Nyarugusu kilikuwa na uzio imara kuliko wetu, na kilipotea kwa jambo dogo sana. Unajua sisi tulivyo, mama. Mtoto akisalimiwa na mkubwa akaona haya, mama au bibi anainama, anamnong'oneza jibu, mtoto analirudia, watu wanacheka na kumsifu. Bibi mmoja alikuwa langoni, mjukuu wake akaja, akaulizwa, akanyamaza. Bibi akainama akamnong'oneza, lango likafunguliwa. Hata ugali uliokuwa jikoni haukuwahi kuiva. Tangu hapo ikawa sheria kwamba hakuna kumsaidia mtu jibu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wauliza wapya sheria hiyo. Nilikuwa mkali kweli. Walikuwa wakinisema nyuma ya mgongo kwamba sina moyo.

Mama, Edson alikuja.

Alikuja Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanaimba nyimbo za kanisani kule kwenye mabanda, jua limeshapanda. Alitokea barabara ya Geita akiwa na yale mabuti yake ya kuchimbia na tochi bado iko kwenye paji la uso. Amekonda, lakini ni Edson. Akaniita dada. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha nikajizuia, nikasimama kikazi, nikamwuliza. Akajibu kwamba yeye ni Edson. Nikamwambia hilo nalijua, nataka kujua ng'wana nani. Akafungua mdomo, akaufunga, halafu akacheka kidogo kwa aibu, akainamisha kichwa. Nilimwona anatafuta, mama. Nilimwona kwa macho yangu anatafuta mahali ambapo hapana kitu.

Unakumbuka jioni baba alipokuwa akituketisha shikome, kwenye moto wa zizini, atufundishe majina? Mimi ndiye niliyekuwa mzito. Nilikuwa nakwama kwa babu kila siku, baba anakasirika, na Edson, mdogo wangu, hata meno ya mbele hana, alikuwa akijificha nyuma ya mgongo wa baba ananitamkia kwa midomo bila sauti. Baba alikufa akiamini kwamba nilijifunza mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyonijia pale langoni. Mkono wangu uko kwenye chuma, sheria naijua kuliko mtu yeyote wa Katoro, na mbele yangu amesimama aliyeninusuru na fimbo utoto wangu wote.

Nikamtamkia kwa midomo. Ngusa.

Akasema Ngusa. Nikafungua.

Alinikumbatia kwa nguvu. Kifuani kwake kulikuwa na ubaridi wa chini kabisa ya duara, na Giza likatoka kwenye kola na mikono ya shati lake, likapita juu yangu kwanza. Halafu likaenda mabanda ya wapishi. Kuimba kulikatika katikati ya neno. Mwanaima alikuwa akichoma vitumbua. Walinzi wa moto walikuja na matairi yanayowaka, wakamsukuma Edson nje, na yeye hakupigana wala hakukasirika. Alinitazama tu kama mtu anayeona gari likiondoka na ndugu yake. Mwanaima tuliuona ubao wake wa kukalia na kikaango, yeye hatukumwona. Mwanamke aliyenipa nusu ya kitanda chake mwaka mzima nimemlipa hivyo.

Asteria alijua. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alisema tu kwamba kama angekuwa ndugu yake mwenyewe hajui angefanyaje, kisha akaanza kuniuliza mimi lile swali kila asubuhi na kila jioni. Jana nilijibu yote. Leo asubuhi wa tatu hakuja. Nimeandika majina hapo juu nikiwa nimebahatika kuyapata yote kwa mara moja, baada ya kuhangaika tangu alfajiri, na sasa nikiyatazama nayasoma vizuri lakini yananipita, kama majina ya watu wa mji mwingine. Babu yetu huyu, mama, yule wa fimbo ya mti mweusi aliyenipa ndama, sura yake ninayo. Jina nimelisoma sasa hivi tu na limeshaondoka.

Kesho asubuhi nitatoka mwenyewe. Asteria hatanisukuma kwa moto, tumekubaliana. Nitaelekea upande wa Mwakitolyo, mbali na kwako, na nitajitahidi. Lakini nimeshawaona wengi wakitoka hapa wakiapa hivyohivyo, na wote tuliwaona miguu ikigeuka.

Edson ameshika njia ya Bwanga. Anatembea kivulini, hana haraka, Marwa atampita kwa pikipiki bila kusimama. Kwa hiyo barua hii itatangulia, halafu atafika yeye, halafu nitafika mimi. Funga komeo leo, mama. Mlaze Nelly chumba cha ndani. Edson atakuita mama, kwa sababu neno hilo Giza haliliondoi, sijui kwa nini linatuachia hilo. Atakuwa na njaa. Atakuwa mwanao kabisa. Mwulize, umsubiri ajibu, na asipojibu umwache hapo nje mpaka achoke. Najua ninachokuomba. Mimi nimeshindwa kukifanya nikiwa dada tu, na wewe ndiye uliyemzaa.

Nelly mfundishe majina kila jioni, hata akilia kwamba amechoka. Yako mwanzo wa barua. Nimeyaandika humo ili yaondoke na Marwa, nisibaki nayo hapa, nisije nikayakariri njiani nikaja kukudanganya. Akishayajua vizuri ichome barua hii, na usimwambie Nelly yaliyomo mpaka awe mkubwa. Mwambie mama yake alikuwa na kazi muhimu huku Katoro.

Nisalimie majirani wote, na mama yake Selestine mwambie asante kwa zile mbegu za maharage, ingawa hazikuota. Nakushukuru kwa kunilea. Sijawahi kukuambia, kwetu hatuambiani mambo hayo, lakini leo nakuambia.

Nikija nikasimama mlangoni nikakuita, nitalia, nitamtaja Nelly, nitakukumbusha mgongo wako na mlenda. Usinijali. Niulize swali. Nikinyamaza, nikainamisha kichwa, nikacheka kwa aibu kama mtoto, nakuomba kwa mara ya mwisho, mama yangu, usinisaidie.

Ni mimi mwanao,

Limi ng'wana